Mukene wa Mbarara na Samaki Walioniamkia

Nakivale, upande wa Rubondo

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Feza, Mama Neema, huko Baraka,

Kabla ya salamu, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Hapa kambini Nakivale samaki hakui bila mimi. Watu wa Oruchinga wakitaka kuchimba bwawa wanakuja kuniuliza jembe la kwanza lipigwe fasi gani. Wageni wawili kutoka Ulaya walinipiga picha nikiwa nimesimama ndani ya maji, na mmoja wao alitoa machozi. Basi mtu wa namna hiyo ndiye wewe ulimkatia simu katikati ya neno, kama vile unafunga mlango wa kuku.

Sasa salamu. Mguu wako unaendeleaje? Yule fundi wa bati la jikoni alirudi kumaliza, au bado anasema kesho? Na kwaya ya kanisa, inaimba namna gani bila mimi? Najua sauti ya chini imelegea, wala usinifiche. Sisi huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Binti yako Neema ni mzima, amenenepa, na mdomo wake nao umenenepa. Ni huo mdomo ulioanza kukupigia simu na kunisemea, na ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye shule niliiacha darasa la nne juu mwalimu alikuwa ananionea wivu.

Siku ile kwenye simu sikuwa nimeeleza hata robo, wewe ukaniingilia: "Zakaria, wale mukene walienda wapi?" Nikasema ngoja nianze toka mwanzo. Ukasema, "Basi andika. Kwenye simu unapiga kelele, kwenye karatasi utanyamaza kidogo." Halafu ukakata. Mimi! Mwanaume wa miaka hamsini! Sawa, nitakujibu. Lakini swali lako nimeliweka chini kabisa ya barua, na utasoma yote kabla ya kulifikia.

Bwawa unalijua kwa picha. Hatua ishirini kwa kumi na mbili, mfereji mmoja wa kuingiza maji na bomba moja la kutoa. Nililichimba peke yangu kwa siku nne. Neema atakwambia tulikuwa kikundi cha watu tisa na tulichukua miezi miwili. Neema hakuwepo siku zote. Ziwa lenyewe liko pale mbele yetu, lakini ziwa lina wenyewe na vibali vyao, na mimi niliyewahi kuvutwa na sangala mmoja mpaka nikaona taa za Kigoma, siwezi kuomba ruhusa ya kuvua. Nilichimba ziwa langu.

Mwezi wa pili tulitia vifaranga vya tilapia, kila kimoja kama kidole cha mtoto. Mwezi uleule Espoir, yule kijana wa watu wa Mwenga anayeshona viatu kule Oruchinga, akatuma wajumbe kumuomba Neema. Baba yake hayupo, wewe uko mbali, mjomba ni mimi. Nikawaambia wajumbe: njooni mwezi wa nane, tutapanga siku ya ndoa, na mtakula samaki wangu. Kila mkwe samaki wake mzima, kichwa na mkia vitoke nje ya sahani pande zote mbili. Unajua kwetu watu wa ziwa: mkwe hapewi kipande. Ukimpa kipande umemwambia kwamba undugu unakatwa kabla haujaanza. Shangazi ya Espoir, mwanamke mwenye macho ya kupima watu, akatanua mikono yake: "Mukubwa hivi?" Nikamwambia, "Mama, tanua tena."

Mwezi wa tano nikavuta wavu. Yaya, nilitaka kulia kwa hasira. Vichwa vikubwa, migongo kama wembe. Samaki mzee kwa sura, mtoto kwa mwili. Na nilikuwa nawalisha! Pumba za mahindi asubuhi, maganda ya muhogo mchana, ugali uliobaki jioni. Matumbo yao yalikuwa yamejaa kama ngoma.

Hapo ndipo Neema akarudi kutoka Kabingo, alikokwenda siku tatu kwenye mafundisho ya samaki. Siku tatu tu! Alirudi na daftari na akaanza kunifundisha, mimi niliyezaliwa ndani ya mtumbwi.

"Mujomba, pumba inajaza tumbo tu, haijengi nyama. Samaki mudogo anataka protini. Nusu ya ndoo iwe soya ya kukaanga na mukene ya kusaga. Ile nusu ingine ndiyo pumba."

"Protini ni mutu wa fasi gani?"

"Ni kitu inajenga mwili. Iko mu soya, mu mayai, mu samaki."

"Kwa hiyo nimupe samaki samaki?"

"Ndiyo, Mujomba."

"Na sisi tule nini?"

"Maharagi," akasema, bila aibu.

Yaya, mukene unawajua, ingawa kwa jina lingine. Ni ndugu wa ndagala wetu, wale wadogo weupe wanaoanikwa juani. Tangu nitoke Baraka sijaketi mbele ya sahani ya ndagala. Huku ni mahindi na maharagi, maharagi na mahindi, mpaka ukiota unaota maharagi. Halafu mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia nimwage ndagala kwenye maji, wapewe samaki wasiojua hata kusema asante! Nilipiga meza, kikombe kikaruka. Lakini alinishinda kwa neno moja. Alisema, "Mujomba, shangazi ya Espoir alitanua mikono."

Akanipa pesa yake ya cherehani, nikaenda Mbarara. Aliniagiza mambo mawili: soya, na mukene wa mifugo, wale wanaoanikwa chini na wana mchanga. Nyuma ya soko kuna Hajati mmoja mwenye duka la vyakula vya kuku na nguruwe, mwanamke mpole wa sauti, mkali wa jicho. Akaniuliza, "Mzee wangu, samaki wako unawapa nini?"

Nikamwambia, "Hiyo ni siri."

"Siri ya pumba," akasema. Wateja wote wakacheka, mpaka mwenye kubeba mizigo.

Akanifungulia magunia mawili. "Huu ni wa mchanga, wa mifugo. Huu umeanikwa juu ya nyavu, safi, ni wa watu. Chukua wa mchanga, samaki hachagui."

Nikasema, "Hajati, samaki wangu wataliwa na wakwe. Nipe wa watu."

"Wa watu ni wa watu, mzee."

"Nipe!"

Alinitazama muda mrefu akiwa bado ameshika mizani. Kule kutazama ndiko kulikoniudhi mpaka leo. Mtu anauza, auze, asichungulie roho ya mteja. Nikarudi na gunia dogo la mukene wa watu na soya ya kufunika chini ya ndoo.

Kwa wiki sita nikasema kazi ya kulisha ni yangu, mtu asisogee. Neema alikuwa kwenye cherehani yake tangu asubuhi mpaka jioni. Gunia likaisha. Tukavuta wavu, na samaki hawakuongezeka hata upana wa ukucha. Neema akashika daftari lake, akageuza ukurasa, akarudia kugeuza. "Haiwezekani," akasema. Nikamjibu mbele ya kikundi kizima kwamba inawezekana sana: Hajati ametuuzia mukene waliokwisha nguvu, wamekaa dukani mpaka protini imewatoka, kama pilipili ya mwaka jana. Wote waliamini, juu nilisema kwa sauti. Hata mimi kufikia jioni nilikuwa nimeamini.

Muda ulikuwa unakwisha, nikaamua kutumia akili yangu mwenyewe. Jirani yetu Mama Keneti, Munyankore anayepika pombe ya ndizi, alikuwa na mlima wa machicha nyuma ya nyumba. Akaniambia kwa Kiswahili chao kile cha sokoni, "Mzee, wewe chukua bure. Nguruwe yangu nakula hii kitu, nakuwa kubwa kama boda." Nikachukua mikokoteni na mikokoteni. Na mavi ya ng'ombe pia, maana Neema alikuwa amesema samadi kidogo inafanya maji kuwa ya kijani na huo ukijani ni chakula. Kidogo, alisema. Yaya, unanijua, mimi sijawahi kufanya kitu kidogo.

Maji yakawa ya kijani, kisha yakawa kama kahawa. Neema akaja, akatumbukiza mkono. Vidole vyake vilipotea kabla maji hayajafika kwenye bangili. "Mujomba, kiganja ikipotea kabla maji ifike ku kiwiko, maji imezidi uzito. Acha kulisha. Fungua mufereji." Nikamuuliza kama yeye akinywa chai ya maziwa anaona chini ya kikombe. Akaondoka akitikisa kichwa, na mimi nikamwaga mkokoteni mwingine ili ajue bwawa ni la nani.

Na hapo, yaya, samaki wakaanza kuniamkia. Naapa. Kila alfajiri nikifika, wote wako juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Jua likipanda wanaenda zao. Niliita watu. Mchungaji wa kanisa letu alikuja akasema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe. Wazee wa Kirundi wakaja na viti vyao. Nilivua kofia, nikasema, "Nimeamka salama, wanangu, na ninyi?" na wao midomo: pwa, pwa, pwa. Nani mwingine hapa Nakivale anaamkiwa na samaki? Neema peke yake ndiye alisimama mbali, mikono kifuani, akasema, "Mujomba, hao habakuamkii." Nikamwambia wivu wa mwanamke msomi ni mbaya kuliko homa.

Mwezi wa nane wakwe wakafika. Baba Espoir mwenyewe, amevaa koti na tai, mke wake, yule shangazi mpimaji, na wazee wawili. Walilala kwetu. Mama Espoir alipoingia jikoni akasimama, akavuta hewa kwa pua. "Hapa kwenu kunanuka ndagala wa nyumbani, na mawese!" Nikamwambia haraka kwamba ni chakula cha samaki.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito, upepo hakuna. Nikawaongoza wote bwawani kabla ya chai, nikisema watakachokiona wawahadithie wajukuu. Na kweli samaki walikuwa juu, wengi kuliko siku zote, maji yote ni midomo tu. Nikavua kofia. "Bakwe, ona! Wanajua leo kuna wageni!"

Baba Espoir hakucheka. Alichutama, akanusa maji, akaangalia samaki mmoja aliyekuwa amelala ubavu. Kumbe huyu mtu kule Mwenga alichunga mabwawa ya masista miaka kumi na moja, na hakuna aliyeniambia! Watu wanakuletea mkwe bila kukuambia kazi yake!

"Mukwe," akasema pole pole, "wanakuamkia tangu lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Kila asubuhi?"

"Hawajakosa hata moja."

Neema akapiga kelele, mbele ya wakwe, yaya, mbele ya shangazi: "Mujomba, habakuamkii! Banatafuta pumuzi! Banakufa!"

Baba Espoir alikuwa amekwisha vua koti. Alieleza huku anakunja suruali: ile takataka ikioza chini inakula hewa iliyo ndani ya maji, usiku kucha, na asubuhi samaki hawana cha kuvuta, ndiyo wanakuja kunyonya juu. Jua likitoka ule ukijani unawapa hewa tena, lakini leo jua halitatoka. Akaingia na tai yake shingoni. Neema akafungua mfereji kwa jembe. Wale wazee wawili wakachota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa, Mama Espoir na sufuria ya chai, shangazi na beseni la kunawia. Wakwe, siku ya kupanga ndoa, ndani ya mavi ya ng'ombe mpaka mapajani! Mimi ndiye niliyeongoza. Nilisimama ukingoni nikionyesha kwa kofia wapi pamwagwe. Neema atakwambia Baba Espoir alinipigia kelele, "Mukwe, shika ndoo ama toka mu njia!" Nilishika ndoo kwa hiari yangu.

Saa nne waliobaki wakashuka chini. Waliokufa walijaza mabeseni matatu.

Chakula cha mchana ilinibidi kuwaandalia kwa mkono wangu, kama desturi inavyotaka. Kila mkwe samaki wake mzima, kichwa na mkia. Alikuwa amelala katikati ya sahani kama kijiko. Shangazi aliinua mikono yake ileile, akaitanua kama siku ile ya kwanza, kisha akaileta karibu, karibu, karibu, mpaka viganja vikataka kugusana, akamtazama samaki, akaanza kula. Afadhali angenitukana.

Baba Espoir akasema maneno ambayo kila mtu anayasifu isipokuwa mimi. "Mukwe, umetupa samaki mzima, heshima umeishika. Hatuvunji kitu. Lakini siku ya ndoa tutaipanga wakati samaki watakuwa watu wazima. Na bwawa, tunaomba aangalie Neema." Bwawa langu! Nililochimba siku nne!

Tangu siku hiyo binti yako ndiye bwana samaki. Anawapa soya ya Rugaaga, anakaanga, anasaga, na kumbikumbi wakiruka anawakusanya. Kila asubuhi anatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Sitakudanganya, wameanza kutanuka, juzi nimeona mmoja mwenye mgongo. Lakini hawaji juu tena. Nafika alfajiri, maji yametulia, hakuna hata mdomo mmoja. Nasimama pale kama mjinga.

Na neno lililoniuma kuliko yote ni hili. Amesema siku ya ndoa atakayesimama kwa ajili yake ni Baba Rehema wa Rugaaga, binamu ya baba yake, si mimi. Nikamuuliza, juu ya samaki waliokufa? Akasema, "Hapana, Mujomba. Samaki hufa. Ni juu nikikuuliza kitu, sijui kama nimejibiwa." Mtoto niliyevuka naye mpaka, nimembeba mgongoni, na safari hiyo sitakuongezea chumvi maana ulikuwepo tulipokuaga.

Sasa angalia jambo lenyewe, maana ni wiki hii. Lile gunia tupu la mukene amelifua, amelikunja, ameliweka kwenye mfuko. Siku ya soko anakwenda Mbarara kulitandika mbele ya Hajati na wateja wake wote, amwambie ni mwizi. Amenuna kweli, amejifunza hasira kwangu. Na Hajati ndiye peke yake anayetuuzia mukene wa kuaminika. Wakigombana, hatatupa tena hata punje, na bila hao, samaki hawatajaza sahani, na bila sahani hakuna siku ya ndoa. Nimejaribu kumzuia. Kila nikifungua mdomo ananiangalia kama Hajati alivyoniangalia, nanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Kwa hiyo mpigie simu, yaya. Kabla ya siku ya soko. Mwambie asiende na lile gunia. Mwambie neno nitakaloliandika hapa chini, kwa mdomo wako, maana kwangu limekataa kutoka. Na ukimaliza, kama bado unaona mjomba ni mjomba, mwombe anirudishe fasi yangu ya kusimama. Kama huoni hivyo, nitakaa na wapishi, nitageuza samaki wa Baba Rehema.

Nisalimie Kaka Paulo, mkubwa wetu, mwambie nyavu alizonisuka bado zinashika. Salamu kwa mama mdogo aliyetulea, umwinamie sikioni umtajie jina langu mara mbili. Salamu kwa mwalimu wa kwaya, asiwape wengine fasi yangu. Na jirani yako anayeanika ndagala pale mchangani, mpe salamu kubwa kuliko wote, atajua kwa nini ukimsomea.

Nimefika kwenye swali lako. Hajati hana kosa. Neema akiwa kwenye cherehani nilikuwa nawaosha, nawatia nyanya na mawese, nafunga mlango, na nikifumba macho niko Baraka. Mukene niliwala mimi, yaya, gunia zima. Samaki hawakuonja hata kichwa kimoja.

Mdogo wako,
Zakaria